Buloni inayotoka mu betoni: ginsi ya kuchagua na kufunga buloni za mashine ya kusaga, portai na tanki la maji

Katika miji na vijiji vyetu, kutoka Beni mpaka Uvira, hakuna mutaa unakosa mashine ya kusaga. Asubuhi wamama na watoto wanapanga mustari na mabeseni ya muhogo na mahindi, hatua mbili tatu tu na motere inayolia. Mara nyingi ile mashine imefungwa juu ya sokle ya betoni na buloni nne. Kama buloni moja imelegea, mashine inaanza kutingisika. Kama mbili zimetoka, mukanda unaweza kuruka, na chuma kizito kinachozunguka kwa nguvu kinaweza kuelekea ku watu.

Jambo hili halihusu mashine ya kusaga peke yake. Kuko portai ya chuma ya parseli, kuko tanki la maji juu ya dali, kuko pano za jua, antene, gurupu ya umeme, hata mabenchi ya shule. Vyote vinashikwa na buloni ndani ya betoni. Wengi wetu tunaangalia tu kama buloni ni nene. Lakini unene ni sehemu moja tu ya jibu. Katika habari hii tunaeleza namna betoni inashika buloni, aina gani inafaa kwa kazi gani, na hatua za kufuata ili isitoke.

Betoni inashika buloni namna gani?

Betoni ina nguvu sana kama unaikandamiza. Lakini kama unaivuta, inapasuka haraka: nguvu yake ya kuvumilia kuvutwa ni karibu sehemu moja juu ya kumi ya nguvu yake ya kukandamizwa. Na buloni, mara nyingi, kazi yake ni kuivuta betoni.

Ukivuta buloni kwa nguvu, mambo matatu yanaweza kutokea. La kwanza, chuma chenyewe kinakatika. La pili, buloni inateleza na kutoka katika tundu lake. La tatu, na hili watu wengi hawalifikirii, betoni yenyewe inang'oka pamoja na buloni. Inatoka kipande chenye umbo la mutungi wa kumiminia mafuta uliogeuzwa: chini ni nyembamba, juu ni pana. Kwa hesabu za mafundi, upana wa kile kipande juu ya betoni ni karibu mara tatu ya urefu wa buloni uliozama. Kama buloni imezama santimetre 10, kipande kitakuwa na upana wa karibu santimetre 30.

Kutokana na hiyo, tunapata kanuni tatu ambazo zinasaidia kuelewa mambo mengine yote.

Kanuni ya kwanza: kina kinashinda unene. Buloni nene iliyozama kidogo inang'oka mbele ya buloni nyembamba iliyozama sana. Ukizidisha kina mara mbili, nguvu ya betoni ya kushika inaongezeka karibu mara tatu.

Kanuni ya pili: usikaribie pembeni. Ukitoboa karibu na ukingo wa sokle, kile kipande hakipati nafasi ya kujiegemeza, na ukingo unapasuka. Ili betoni itoe nguvu yake yote, umbali toka ukingo unapashwa kufika mara moja na nusu ya kina. Kina cha santimetre 10 kinaomba santimetre 15 toka ukingo.

Kanuni ya tatu: usizikusanye buloni. Buloni mbili zikikaribiana, zinagawana betoni moja. Umbali muzuri kati yao ni mara tatu ya kina. Kama nafasi haitoshi, ujue kama kila moja itabeba kidogo kuliko vile ungefikiri.

Aina za buloni tunazopata hapa kwetu

Ukiingia ku kenkayeri ao kwa fundi wa kusudea, utapata karibu aina nne.

Ya kwanza ni buloni ya kumwagia. Ni chuma kilichopindwa chini, kama herufi L ao J, na juu kina meno ya kufungia ekru. Kinawekwa mbele ya betoni kumwagwa, ao katika tundu kubwa ambalo linajazwa kisha. Wafundi wetu wanaitengeneza wenyewe kwa chuma cha mviringo. Ikifanywa vizuri, ndiyo inayovumilia zaidi kutingisika, na bei yake iko chini.

Ya pili ni shevi ya chuma, ile inayopanuka. Unatoboa betoni ngumu, unaigonga ndani, na ukikaza ekru, sehemu ya chini inapanuka na kubana kuta za tundu. Ni ya haraka: unaweza kuitumia saa ileile. Lakini inaomba betoni nzuri, nzito, na mbali na ukingo. Haipendi kutingishwa kila siku.

Ya tatu ni tije yenye meno pamoja na rezini. Rezini ni gundi ya viwanda yenye sehemu mbili zinazochanganyika wakati wa kusukuma. Haipanui betoni, kwa hiyo inaweza kufungwa karibu zaidi na ukingo kuliko shevi ya chuma, na inavumilia kutingisika. Bei yake iko juu, na ukikosa usafi wa tundu, umepoteza pesa yote.

Ya ine ni shevi ya plastiki na visi. Hiyo ni ya vitu vyepesi: taa, kompteri ya umeme, rafu ndogo. Usifungie kamwe portai, tanki ao mashine kwa shevi ya plastiki.

Maswali ya kujiuliza mbele ya kununua

Mbele ya kutoa franga zako, jibu maswali haya.

Mzigo unavuta upande gani? Tanki lililojaa maji linakandamiza chini. Litre 1000 ni kilo 1000, hakuna upepo wa kawaida utaisukuma. Lakini likiwa tupu, upepo unaweza kulibeba. Kwa hiyo buloni za tanki zinafanya kazi wakati maji hayako. Pano za jua nazo zinavutwa juu na upepo. Upepo wa kilometre 100 kwa saa unasukuma karibu kilo 48 juu ya kila metre karé moja. Pano yenye metre karé mbili inapokea basi karibu kilo 100, na mufululizo wa pano sita unapokea zaidi ya nusu tani. Ni kazi ya buloni kushika ile nguvu yote.

Mzigo umetulia ao unatingisika? Motere inayozunguka mara 1500 kwa dakika inampiga buloni mara 90 000 kwa saa moja tu. Ekru ambayo haina kitu cha kuizuia itajifungua polepole. Kwa mashine, chagua buloni ya kumwagia ao rezini, si shevi ya kupanuka.

Betoni iko ya aina gani? Ni betoni ya kweli yenye garaviye, ao ni krepi tu juu ya tofali? Krepi haihesabiwi. Kama kuna santimetre 2 za krepi na shevi imezama santimetre 7, ndani ya betoni iko na 5 tu. Na ule unene wa dali ao ukuta unapashwa kufika angalau mara mbili ya kina cha buloni.

Nani anapita chini ao karibu? Kama buloni ikiachia, je, itaangusha rafu ya viatu, ao chuma cha kilo mia juu ya njia ya watoto? Pale ambapo uhai wa mtu unategemea buloni, usibahatishe juu ya kupunguza dola mbili.

Tuchukue mufano wa portai, juu watu wengi wanafikiri uzito wake unakandamiza tu chini. Jani moja la portai lenye kilo 120 na upana wa metre 2, likishikwa na sharnière mbili zenye umbali wa metre 1,50 kati yao, linavuta sharnière ya juu kwa nguvu ya karibu kilo 80, muchana na usiku. Mtoto wa kilo 30 akining'inia ku ncha akicheza, anaongeza kilo 40 zingine. Ndiyo sababu buloni ya juu ndiyo inatoka ya kwanza, na portai inaanguka upande ambao mtoto yuko. Kwa hiyo sharnière za portai zifungwe mu poto ya betoni yenye ferabeto, na si mu ukuta wa tofali peke yake. Na watoto wakatazwe kuipanda.

Sokle ya mashine ya kusaga, hatua kwa hatua

Hapa tuchukue muda, juu ndiyo kazi inayofanywa sana na inayoharibika sana.

Kwanza, uzito wa sokle. Kwa motere ya pistoni, kama zile za mazutu, kanuni ya mafundi ni sokle kuwa na uzito wa karibu mara tano ya mashine. Mashine na motere vyenye kilo 300 vinaomba sokle ya kilo 1500. Betoni ina karibu kilo 2400 kwa metre kibe moja. Sokle yenye urefu wa metre 1,50, upana wa metre 1 na kina cha santimetre 45 inatoa metre kibe 0,675, ndiyo kusema zaidi kidogo ya kilo 1600. Hiyo inafaa. Sokle ya santimetre 15 ambayo tunaona mara nyingi haiwezi kutuliza mashine. Yenyewe inacheza pamoja na motere, na buloni zinalipa.

Pili, mchanganyo. Kwa betoni ya namna hii, hesabu kilo 350 za sima kwa metre kibe moja, ndiyo mifuko 7 ya kilo 50. Kwa sokle yetu, mifuko 5 inatosha. Tumia muchanga safi na garaviye iliyooshwa. Na maji, usizidishe: maji mengi yanafanya betoni iwe rahisi kumwaga, lakini ikikauka inabaki na matundu madogo na nguvu inapungua. Betoni inayotiririka kama uji ni betoni iliyoharibika mbele ya kukauka.

Tatu, acha matundu ya buloni. Njia nzuri kwa mashine ni kutomwagia buloni mara moja. Wakati wa kumwaga sokle, weka vikasha vya mbao pahali pa buloni, santimetre 10 kwa 10, na kina cha santimetre 30. Vikasha viwe vipana kidogo chini kuliko juu kama inawezekana, ili ile betoni ya kujazia isiweze kutoka kama kizibo. Vitoe wakati betoni imeanza kuwa ngumu, na ukwaruze kuta za tundu ziwe na makwaruzo.

Kama unapenda kuweka buloni mara moja, tengeneza gabari: kipande cha tripleksi kilichotobolewa kulingana na matundu ya mashine yenyewe. Kinashikilia buloni zisimame wima na zisisogee wakati wa kumwaga. Kosa la kawaida ni kupima kwa macho, kisha kupiga buloni kwa nyundo ili iingie mu tundu la mashine. Buloni iliyopindwa hivyo imepasua betoni inayoizunguka, hata kama ufa hauonekani.

Ine, urefu wa buloni. Kwa chuma laini kilichopindwa chini, wafundi wengi wanahesabu urefu wa kuzama mara 20 ya unene. Buloni ya milimetre 12 inazama karibu santimetre 24. Ya milimetre 16 inazama santimetre 32, na hapo tundu linaongezwa kina. Usipinde ferabeto ngumu kwa moto na kisha kuimwagia maji ya baridi ili ipoe haraka: chuma kinakuwa kama kioo, kinakatika bila kukujulisha. Kiache kipoe chenyewe.

Tano, tundika mashine na ujaze. Weka mashine juu ya sokle, buloni zikining'inia ndani ya matundu. Sawazisha kwa nivo, ukiweka vipande vya chuma chini ya miguu yake. Mwagia maji kuta za tundu zilowane, lakini usiache maji yakisimama ndani. Kisha jaza na mchanganyo wa sima moja na muchanga mbili, ukisukuma na fimbo ya chuma ili hewa itoke. Meno ya buloni yapake grisi na uyafunge na kipande cha plastiki, sima isiyashike.

Sita, subira. Hapa ndipo biashara inatusukuma kuharibu. Betoni inapata nguvu polepole: baada ya siku 7 ina karibu theluthi mbili, na nguvu inayohesabiwa na wataalamu ni ya siku 28. Ifunike na magunia yenye maji kwa juma moja, jua lisiikaushe haraka. Usikaze ekru kwa nguvu mbele ya siku 7, na usisage kwa kazi kubwa mbele ya mwezi kutimia. Kuwasha mashine siku ya tatu juu ya wateja wanangoja, ni kulipa sokle mara mbili.

Saba, kufunga. Weka rondeli pana, ekru, na juu yake ekru ya pili ya kuizuia. Baki na meno mawili ao matatu juu ya ekru. Baada ya saa chache za kwanza za kazi, zima mashine na ukaze tena. Kisha angalia kila juma.

Kama betoni iko tayari: kutoboa

Wakati mwingine sokle ao dali iko tangu zamani, na inabakia kutoboa tu. Utahitaji perseze yenye kugonga na meshi ya betoni isiyochakaa. Meshi iliyoliwa inatoboa tundu dogo, shevi inakwama. Meshi iliyopinda inacheza na tundu linakuwa kubwa, shevi haishiki.

Kwa shevi ya chuma yenye kupanuka, ile ya mwili mmoja, tundu lina unene sawa na buloni: milimetre 12 kwa buloni ya 12. Kina cha kuzama ni karibu santimetre 7 kwa ile ya 12, na karibu 6 kwa ile ya 10. Toboa santimetre moja zaidi ya hapo, na uweke alama ya skochi ku meshi ili ujue pa kusimamia.

Kisha safisha tundu. Vumbi linalobaki ndani linafanya shevi iteleze. Pompe ya kinga ya baiskeli yenye mupira mwembamba inaweza kusaidia. Usipulize na mudomo: vumbi la betoni linaingia mu macho na mu mapafu. Vaa manjiwani ya kazi na kitambaa ku pua.

Gonga shevi ikiwa na ekru yake juu, ili meno yasiharibike. Kisha kaza. Kwa buloni ya 12, nguvu ya kukaza inayotajwa na watengenezaji wengi ni karibu njuti-metre 50 mpaka 60. Ni kama kusukuma kwa kilo 20 ku ncha ya kle yenye urefu wa santimetre 30. Fuata karatasi ya ile unayonunua. Kuongeza bomba ku kle ili ukaze zaidi hakusaidii; unapasua betoni ao kuvuta buloni mpaka inachoka.

Kama ekru inazunguka tu bila kuwa nzito, shevi haikushika. Usijaze na kipande cha mti, musumari ao karatasi. Hicho ni kiinimacho. Acha lile tundu, lijaze na sima nzuri, na utoboe pengine, mbali angalau mara mbili ya kina. Fanya vilevile kama meshi imekutana na ferabeto: sogea, usiikate, juu ile ferabeto ndiyo inabeba nyumba.

Kwa rezini, tundu ni kubwa kidogo kuliko tije: milimetre 14 kwa tije ya 12, milimetre 18 kwa tije ya 16. Kina cha kawaida ni santimetre 11 kwa ya 12. Usafi hapa ni nusu ya kazi: puliza, piga burashi ya chuma ya duara ndani, puliza tena, na urudilie. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa ku tube. Rezini ya kwanza inayotoka uitupe, mpaka rangi iwe moja bila mistari. Anza kujaza toka chini ya tundu, ukirudi nyuma polepole, mpaka theluthi mbili. Ingiza tije ukiizungusha. Rezini kidogo inapashwa kutokea juu. Kisha usiiguse mpaka saa iliyoandikwa ku tube itimie; muda ule unategemea baridi na joto. Asubuhi ya Lubero si sawa na muchana wa Uvira.

Tuongeze jambo moja: kutia sima ya maji-maji mu tundu nyembamba na kuchomeka buloni si sawa na rezini. Ile sima inakauka na kusinyaa, na buloni inabaki inazunguka.

Bloki, tofali na mawe ya volkano

Bloki ya sima yenye matundu ndani, shevi ya kupanuka inaivunja tu. Tofali ya kuchoma vilevile. Hapo njia ya hakika ni kupitisha tije upande hadi upande wa ukuta, na kuweka kipande cha chuma cha bapa nyuma, chenye rondeli na ekru. Ao toa sehemu ya ukuta na umwage pale betoni yenye ferabeto.

Kwa wakaaji wa Goma na pembeni, kuna jambo la ziada. Mawe ya volkano yanayojengewa misingi yana vitundu vingi vya hewa. Meshi inaingia haraka ghafula: ni dalili ya kwamba umekuta uwazi, na shevi haitapata kitu cha kubana. Hapo tengeneza sokle ya betoni, usitegemee jiwe. Tena, moshi wa Nyiragongo na Nyamulagira unafanya mvua iwe na asidi, na tunaona vile manjanja yanakula kutu haraka. Buloni za inje zinakula vilevile. Chagua zile zilizogalvanizwa kwa unene, ao inoksi kama uwezo uko, na upake rangi mara kwa mara. Kutu haiko mu betoni pa kuonekana. Inaanza pale buloni inapoingia. Pale ndipo pa kuangalia.

Tusisahau pia tetemeko. Bukavu ilitikisika tarehe 3 Februari 2008, na Goma ilitikisika siku nyingi kisha volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Vitu vilivyowekwa juu bila kufungwa, kama tanki na mabati ya pano, ndivyo vinaanguka wakati watu wanakimbilia inje. Baada ya kila tetemeko kubwa, pita uangalie buloni na nyufa mbele ya kurudisha mashine ku kazi.

Namna ya kutambua chuma kizuri

Angalia kichwa cha buloni. Zile za viwanda vinavyofuata kanuni zina namba, kama 4.6 ao 8.8. Namba ya kwanza inaeleza nguvu ya kukatika: 8.8 ni karibu mara mbili ya 4.6. Buloni ya milimetre 12 yenye 4.6 inakatika kwa karibu tani 3,4. Lakini betoni dhaifu inaachia mbele sana ya hapo, ndiyo maana hakuna faida ya kununua 8.8 na kuizamisha santimetre 4. Na usitumie nguvu yote ya kukatika: wataalamu wanaigawanya kwa tatu ao ine, juu mambo hayaendi kila mara vile tulipanga.

Buloni isiyo na alama yoyote, yenye meno yanayoliwa na ekru wakati wa kufunga mara ya kwanza, usiipeleke ku mashine.

Lini unapashwa kuzima mashine?

Zima bila kungojea kama unaona moja kati ya haya:

– unga ao vumbi jeupe la sima linatokea pembeni ya buloni;
– ufa unaotoka ku buloni na kuelekea ukingo wa sokle;
– ekru inayohitaji kukazwa kila siku;
– mlio umebadilika, ao mukanda unaruka;
– mguu wa mashine unainuka kidogo wakati motere inawaka.

Kukaza tu hakutoshi hapo. Buloni inayolegea kila siku inakuambia kama betoni imeachia. Inapashwa kuondolewa, betoni iliyopasuka ivunjwe, na sokle ifanywe upya. Na mpaka ile siku, watu wasisimame upande wa mukanda. Kamba moja na mbao mbili zinatosha kuweka mupaka kati ya mustari wa wateja na motere, hata kama mashine iko nzima.

Maswali kwa fundi wako

Mwenye mashine, mwenye nyumba ao komite ya shule haina lazima ya kujua kila kitu. Lakini unaweza kumuuliza fundi mambo matano mbele ya kumupa avansi: buloni itazama santimetre ngapi? Itakuwa mbali na ukingo kiasi gani? Utaweka mifuko mingapi ya sima? Utasafisha tundu na nini? Na tutangoja siku ngapi mbele ya kuwasha? Fundi anayejua kazi yake atajibu bila kukasirika, na hata atafurahi kuona mwenye kazi anaelewa. Yule anayesema tu «hakuna shida, itashika», mwombe akuonyeshe sokle nyingine aliyofanya mwaka uliopita, na uende uiguse wakati mashine inawaka.

Bei ya buloni nne nzuri na mifuko miwili zaidi ya sima ni ndogo ukilinganisha na mashine yenyewe, na haiwezi kulinganishwa na muguu ao mkono wa mtoto aliyetumwa kusagisha muhogo.